Rangi za Mbio na Rangi za Boti

Subaru Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu haihitaji kutambulishwa Kisumu. Ikipanda daraja la Kondele jioni, watoto wa shule wanaitaja jina kabla haijawapita, na wapo wanaojua kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa gari la sura hiyo. Wanaojua kwamba buluu ile na manjano yake vilitoka kwenye pakiti ya sigara ni wachache zaidi. State Express 555 ilikuwa chapa ya British American Tobacco, na kuanzia 1993 hadi mwisho wa 2003 timu ya Subaru ilizunguka dunia ikiwa katika rangi zake. Sigara ikaenda zake, buluu ikabaki. Leo inapakwa kwenye Impreza, kwenye Forester, kwenye Probox za abiria, kwenye helmeti, hata kwenye tangi la pikipiki ya bodaboda.

Naipenda buluu hiyo, na ningetaka hilo lieleweke kabla sijatamka neno la kuilaumu. Rangi za magari ya mashindano za miaka ya 1960 hadi 1990 ni miongoni mwa kazi bora za usanifu zilizowahi kufika mbele ya macho ya wananchi wa Afrika Mashariki, tena bila kiingilio. Lakini zimetumika hadi zimepauka, na kurudiwa peke yake hakuelezi kupauka huko. Ushahidi uko hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Boti za wavuvi wa Dunga, Usenge, Mbita na Rusinga zinapakwa mistari ileile mipana na pembetatu zilezile kwenye omo, miaka nenda miaka rudi, na bado mtu akisimama bichi asubuhi zikirudi na samaki atazitazama moja baada ya nyingine bila kuchoka. Tamaduni mbili za rangi, zote zinarudia. Mojawapo inachosha. Ni lazima iwepo sababu, na naamini inaweza kuonyeshwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 rangi ya gari la mbio ilikuwa uraia wake. Mwingereza alikimbia kwa kijani, Mfaransa kwa buluu, Mwitaliano kwa nyekundu, Mjerumani kwa nyeupe na baadaye fedha. Aliyesimama kando ya barabara hakuwa na haja ya kusoma chochote. Mwaka 1968 mambo yakageuka: matangazo ya biashara yakaruhusiwa katika Formula One, na Lotus, iliyokuwa kijani kama ilivyokuwa desturi ya kwao, ikaonekana uwanjani ikiwa nyekundu, nyeupe na dhahabu, rangi za sigara za Gold Leaf. Hata hivyo, miaka michache baadaye wachoraji wa kampuni walikuwa wameleta uzuri ambao rangi za mataifa hazikuwahi kuufikia.

Tazama rangi za Gulf, buluu nyepesi yenye mstari wa machungwa katikati. Watu huzizungumzia kana kwamba zilishuka zikiwa kamili. Kampuni ya mafuta ya Gulf yenyewe ilikuwa na buluu nzito. Ile nyepesi ilikuwa ya Wilshire, kampuni ndogo ya mafuta ya California ambayo Gulf iliinunua, na wakubwa wakaona itapendeza zaidi kwenye gari. Ford GT40 moja, yenye fremu namba 1075, ikashinda saa 24 za Le Mans mwaka 1968, ikashinda tena 1969. Zikafuata Porsche 917 na filamu ya Steve McQueen ya mwaka 1971, na buluu ya Wilshire ikawa urithi wa dunia. Naitaja asili hii kwa sababu inawahusu wanaonakili leo: rangi inayoheshimiwa kuliko zote ilizaliwa pale mtu alipoangalia kilichopo mkononi mwake, akachanganya, akathubutu.

Michirizi ya Martini, kampuni ya vinywaji ya Torino, ina werevu wa namna nyingine. Ni buluu nzito, buluu nyepesi na nyekundu juu ya nyeupe. Haikai juu ya gari kama bango lililobandikwa ukutani. Inaanzia puani, inapanda boneti, inajikunja kufuata bega la mlango, kisha inafunguka kuelekea nyuma. Ukiifuata kwa jicho unaelewa umbo la gari lote, na unaelewa linaelekea wapi hata likiwa limesimama. Hiyo ni kazi ngumu. Mchoraji lazima alijue bati, ajue mkunjo wake, ajue mwanga utaangukia wapi. Rangi za Castrol za Toyota Celica, nyeupe, kijani na nyekundu, zilifanya jambo hilohilo kwa mapande makubwa zaidi, na mwaka 1993, Celica ziliposhika nafasi nne za kwanza katika Safari, Juha Kankkunen akiwa mbele, zilisomeka kutoka umbali ambao hata namba ya mlango haikusomeka.

Lakini kwetu rangi hizi zilikamilishwa na kitu ambacho hakuna mchoraji wa Torino aliyekipanga, nacho ni tope. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka, mvua ya masika ikiwa imeanza. Baadhi ya miaka urefu wake ulipita kilomita 5,000. Barabara zilikuwa za umma, kwa hiyo gari la Martini lilipishana na lori la miwa, na ng'ombe, na mama mwenye mzigo kichwani. Porsche 911 za Martini zilikuja mwaka 1978, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Lancia Delta za Martini zikashinda 1988 na 1989 chini ya Miki Biasion. Tazama picha zozote za magari hayo yakiwa njiani. Nyeupe imezama hadi madirishani. Michirizi inachungulia paani na kwenye nguzo za nyuma. Utaratibu wa Kizungu umekutana na udongo wa Kenya, udongo umeshinda nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyotutia wazimu sisi tuliokuwa watoto.

Tope lilikuwa hati ya kiapo. Lilithibitisha kwamba rangi ilifika mahali.

Hata vitu ambavyo leo tunaviona mapambo vilikuwa majibu ya njia. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, na boneti ikawa nyeusi ili jua la ikweta lisirudi machoni mwa dereva. Taa za ziada zilifungwa pembeni kwa ajili ya vumbi la usiku. Mabomba ya mbele yalisubiri mnyama. Impreza ya McRae ya 1997 ilikuwa na bomba la hewa lililopanda hadi paani kwa ajili ya mito iliyofurika. Dereva wa aina ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, jirani yetu, aliyeshinda 1965 kwa Volvo na tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alilitazama gari kwanza kama chombo kitakachoharibika, na kila kilichofungwa juu yake kilipaswa kujieleza. Uzuri ulifuata nyuma.

Nakala inabeba jibu na kuliacha swali. Boneti nyeusi sasa iko kwenye magari yanayotembea usiku tu. Mabomba ya hewa ya plastiki yamegundishwa kwenye mabati ambayo hayana tundu nyuma yake. Michirizi ya Martini imewekwa kwenye magari yenye milango ya umbo tofauti kabisa, ikakatika pale ilipopaswa kujikunja, kwa sababu aliyeichapa hakuchora, alifungua faili. Faili hilohilo linafunguliwa Nairobi, Kampala na Dubai, linachapwa kwenye karatasi ya stika, linakatwa, linabandikwa kabla ya saa sita mchana. Waliozianzisha rangi nao wamejiunga. Mwaka 2021 McLaren walipaka magari yao ya Formula One rangi za Gulf kwa ajili ya Monaco, dunia ikashangilia, na tangu hapo sijui kama kuna saa, kiatu au kikombe kilichosalimika.

Nakala nyingine nazikubali kwa moyo wote. Mwaka 2003 yalianza mashindano ya East African Safari Classic, ambako magari ya zamani yanakimbia katika rangi za zamani kwenye vumbi lilelile. Björn Waldegård, aliyeendesha Porsche ya Martini mwaka 1978, alirudi akashinda mwaka 2011 akiwa na zaidi ya miaka 65, tena kwa Porsche 911. Huko boneti nyeusi inafanya kazi. Tope linapanda hadi dirishani kama zamani. Anayesema kwamba kunakili kwenyewe ndiyo dhambi hajawahi kuona magari hayo yakitoka katika wingu la vumbi. Rangi ya zamani ikirudishwa kazini haina uzee.

Lipo jambo zito zaidi kuliko uchovu wa macho, na nashangaa halitajwi. Nyingi za rangi tunazoziita za kale zilikuwa matangazo ya tumbaku. Opel Ascona ambayo Ari Vatanen alishinda nayo Safari ya 1983 ilivaa Rothmans. 555 tumekwisha kuitaja. Marlboro ilipaka nusu ya uwanja wa mbio duniani. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ikapiga marufuku matangazo yake na udhamini wake. Kampuni inayotangaza sigara kwenye mlango wa gari leo itashtakiwa. Kijana wa Kisumu anayebandika tangazo lilelile kwa pesa yake mwenyewe anapigiwa makofi.

Na ufuo huu unaijua tumbaku kwa karibu kuliko watazamaji wa Monaco. Kusini mwetu, Kuria na sehemu nyingine za Kaunti ya Migori, familia zimelima tumbaku kwa miongo mingi chini ya mikataba na kampuni, BAT ikiwa miongoni mwao. Ni zao linalokula kuni wakati wa kukausha, linalowaweka watoto shambani, na linalomwacha mkulima akidaiwa pembejeo kabla hajapima jani la kwanza. Miaka ya karibuni mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yameanza kuwasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma. Naona uchungu kufikiri kwamba wakati mkulima huyo anang'oa mashina ya tumbaku, mpwa wake mjini anakusanya pesa abandike pakiti ya sigara kwenye Forester. Simlaumu mpwa. Hakuna aliyemwambia buluu ile ilikuwa ya nani.

Sasa twende ufuoni.

Boti ya Ziwa Victoria ina ukoo mrefu. Umbo lake linatokana na mitumbwi ya visiwa vya Ssese, Uganda, ambayo zamani mbao zake zilishonwa kwa nyuzi. Leo zinapigiliwa misumari, nafasi zinakalafatiwa kwa pamba, na vipande vya bati vinafunika maungio. Tanga lake la pembetatu ni la kipwani. Chini kuna mkuku, mbele kuna omo iliyochongoka, na kutoka omo hadi tezi kuna ubao mrefu ulionyooka unaoomba kupakwa rangi. Fundi huanza na rangi ya kuzuia maji kupenya, kwa sababu bila hiyo ubao utaoza. Ndipo inapokuja mistari: mmoja mpana wa chini, mmoja au miwili ya juu, kila mmoja ukifuata mkunjo wa mbao kama michirizi ya Martini inavyofuata bega la mlango. Mwenye boti anaona mkunjo. Fundi anaona mkunjo. Hakuna aliyewafundisha hili kwa kitabu, na matokeo yao yanasimama bila aibu kando ya kazi ya wasanifu wa Italia.

Kwenye omo ndiko mkono wa fundi unakojulikana. Wengine hupiga pembetatu zinazopishana, wengine nyota, wengine jicho au samaki. Rangi ni za mafuta, za kopo, na mara nyingi ni zile zilizobaki baada ya kazi nyingine, kwa hiyo kijani cha boti hii kinakuwa cha geti la mtu fulani na nyekundu yake ya duka fulani. Kisha linaandikwa jina. Majina ya boti za huku yanatosha kuandikiwa makala peke yake: jina la bibi aliyemlea mwenye boti, jina la mtoto wa kwanza, Nyar, yaani binti, wa kijiji fulani, aya ya Biblia, neno la shukrani kwa Mungu, neno la kuwajibu majirani waliosema hatafika popote. Pembeni kuna namba ya usajili, maana kila boti ya uvuvi inapaswa kusajiliwa, na kamati ya ufuo, ile inayojulikana kwa herufi tatu tu, BMU, inazijua za kwake zote.

Wachuuzi wanaongoja samaki hawasomi namba. Boti ingali mbali, mstari wake wa juu tu ukiwa unaonekana juu ya mawimbi, wanajua nani anakuja, na wanaanza kupanga beseni. Mistari hiyo inafanya kazi leo asubuhi. Kesho itafanya tena. Boti za omena zinazokesha na taa zao katikati ya ziwa hazionekani rangi usiku, lakini alfajiri zinarudi kila moja ikiwa na uso wake, na uso huo una maana kwa mtu mwenye beseni, mwenye deni, mwenye mume ndani yake.

Nilidhani zamani kwamba tofauti iko kwenye uhalisi: rangi za mbio zimeazimwa, za boti ni za kwetu. Haisimami. Boti zinaazima waziwazi. Utaona ngao ya Arsenal, sura ya mwanasiasa, bendera ya nchi ambayo mwenye boti hajawahi kufika. Tofauti ni kwamba kinachoazimwa hakiachwi kikiwa kizima. Ngao ya Arsenal imechorwa kwa brashi na mtu aliyeikumbuka kichwani, kwa nyekundu iliyokuwepo kwenye kopo, na chini yake limeandikwa jina la mama yake mwenye boti. Mwaka ukipita, magugumaji ya Ghuba ya Winam na mawe ya ufuo yakiisha kukwaruza ubavu, inapakwa upya, na inapopakwa upya inabadilika. Mstari unaongezeka. Rangi moja inaachwa kwa sababu imepanda bei. Boti ya tatu ya mvuvi yuleyule inafanana na ya kwanza kama mjukuu anavyofanana na babu, na hakuna aliyekaa chini kuamua iwe hivyo.

Stika haizeeki hivyo. Inachubuka pembeni, inatolewa, inabandikwa nyingine ileile. Kosa la mchapaji wa kwanza linarudi kamili kwa mchapaji wa elfu. Hakuna mkono unaopata nafasi ya kuingia katikati, na bila mkono hakuna kitu kipya kinachoweza kutokea, hata kwa bahati. Hapo ndipo naona uchovu unapotokea. Jicho linajua, hata kama mwenye jicho hajui, kwamba hakuna aliyeamua chochote.

Pwani wana mfano unaonisaidia kupima hoja hii, kwa sababu unaelekea kuipinga. Kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, imechapwa kwa mchoro uleule kwa zaidi ya miaka mia. Wafanyabiashara wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak, ambao wateja wanawajua kwa jina la Mali ya Abdulla na ambao duka lao lilianza 1887, wameuza mitindo isiyohesabika ikaja ikapita, na kisutu kimebaki. Hakuna brashi hapo. Kinachapwa kiwandani, kila kimoja sawa na mwenzake. Mbona hakichoshi? Kwa sababu kisutu kina siku yake. Ni vazi la arusi. Bibi arusi anavishwa, wanawake wanaomsindikiza wanakijua, na nje ya shughuli kinavaliwa kwa kumbukumbu ya shughuli. Mchoro unapumzika kati ya harusi na harusi. Rangi za Martini na za Subaru nazo zilikuwa na siku yake, Pasaka, na mwaka mzima uliobaki tulizikumbuka tu. Kuzileta barabarani kila siku ni kumvisha kisutu kila mpita njia.

Kijani cha Gor Mahia kingeweza kuwa kimechosha pia. Tangu klabu hiyo ya soka ilipoanzishwa mwaka 1968, Kisumu imekipaka kwenye kila kitu kinachoweza kushika rangi. Hakichoshi, kwa sababu K'Ogalo, kama tunavyoiita, bado wanacheza. Kijani kinaweza kuaibika, kinaweza kushangilia. Mwaka 1987 kilileta Kombe la Washindi la Afrika nyumbani. Rothmans haiwezi kushindwa wala kushinda tena.

Tukubali pia kwamba gari lililopakwa rangi za wadhamini tunalo kila kona, na hatulioni. Land Cruiser nyeupe ya mradi, yenye nembo ya mfadhili mlangoni, imepanda kila barabara ya vumbi kati ya Siaya na Homa Bay kwa miaka mingi. Nyeupe, jina la mwenye pesa, tope hadi dirishani: ni muundo uleule wa Safari ukiwa umeondolewa mchoraji. Laiti mashirika hayo yangejua jinsi watu wanavyosoma milango ya magari, yangejali kidogo kilichoandikwa hapo.

Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, ikiwa na makao Naivasha. Mwaka huo Onkar Rai alimaliza wa saba kwa Volkswagen Polo, na jina lililobeba mbio zake lilikuwa Kabras, sukari ya Kakamega. Nililiona hilo kuwa jambo kubwa kuliko nafasi yake ya saba. Sukari inayokorogwa kwenye chai ya soko la Kibuye ilikuwa kwenye mlango wa gari lililokimbia na bingwa wa dunia Sébastien Ogier. Kwa mara moja hatukuazima pakiti ya mtu. Kilichokosekana ni mchoraji wa kuifanyia Kabras kile ambacho Torino iliifanyia Martini.

Wachoraji hao wapo. Wapo Mbita na Rusinga na Dunga wakingoja boti, na baadhi yao wameanza kungoja zaidi kuliko zamani, kwa sababu boti za faiba zinatoka kiwandani zikiwa na rangi yake tayari. Wengine wamehamia kwenye madigadi ya bodaboda na milango ya vibanda. Mwenye gari la rali anayetaka rangi za kukumbukwa angeweza kumwita mmoja wao, akampa boneti na ubavu, akamwachia wiki moja. Rangi itabidi iwe ya gari, isiyopasuka kwa joto la injini. Hilo muuza rangi atamweleza. Mistari mipana itafuata bati kama inavyofuata mbao. Sehemu ya chini iachwe ya rangi nzito, kwa kuwa tope litaichukua hata hivyo, na ile inayopaswa kusomeka ipandishwe juu, karibu na paa, kama mstari wa boti unaoonekana juu ya wimbi. Pembetatu ziende puani. Namba ichorwe kwa brashi. Mdhamini bila shaka atataka jina lake liwe kubwa, na ana haki, kwa kuwa petroli ni yake. Apewe milango yote miwili. Omo ibaki ya mwenye gari, aandike jina la bibi yake.